Tuliomba Mizinga, Tukaletewa Nyuki: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Mifugo na Misitu ya Mlima Kenya

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mifugo, misitu na miradi ya asali katika kaunti zinazouzunguka Mlima Kenya.

MINT: OMBI LA KUSITISHA KULETWA KWA MAKUNDI YA NYUKI WA NYIKANI KWENYE UKINGO WA MSITU

Waheshimiwa,

Mimi ni mfugaji wa nyuki wa mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, kule ambako mashamba ya chai yanakoma na msitu unaanza. Ninaandika pia kwa niaba ya kikundi chetu, ambacho wengi wa wanachama wake ni akina mama na wazee waliorithi mizinga ya magogo kutoka kwa baba zao. Si desturi yetu kuwasema viongozi hadharani. Jambo likiharibika hapa kwetu huanzia kwa chifu, hupanda ofisini, hujadiliwa kwa adabu, likaisha. Hili nalo tulilipeleka hivyo hivyo. Barua ya kwanza niliifikisha kwa mkono, na nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili tuliituma miezi mitatu baadaye. Barazani nilisimama nikaanza kueleza, nikaambiwa nikae kwanza kwa kuwa mgeni rasmi ana haraka. Afisa mmoja wa nyanjani, kijana mwungwana, alituambia kwa sauti ya chini kwamba anatuelewa ila uamuzi hauko mikononi mwake. Ndiyo maana leo ninawaandikia mbele ya watu wote.

Kisa chenyewe ni hiki. Tuliomba mizinga. Magogo ya mababu yameoza, na miti ya kuchonga mengine hatuna ruhusa ya kuikata wala hatutaki kuikata. Tuliomba masanduku ya mbao, mavazi ya kurinia na mabomba ya moshi. Masanduku yalikuja, na kwa hayo tunashukuru kwa dhati. Lakini yalikuja usiku kwa lori yakiwa na nyuki ndani, nyuki waliotolewa katika joto la nyika huko chini na kuteremshwa kwenye ukungu wetu kabla ya jua kuchomoza. Tuliambiwa hiyo ni zawadi juu ya zawadi, kwamba hatutahitaji tena kungoja makundi yaingie yenyewe.

Hiyo ilikuwa Machi. Ilipofika Julai mlima ulijifunika kama kawaida yake, siku nyingi jua lisionekane mpaka adhuhuri. Nyuki wetu weusi walikuwa wakitoka saa tatu asubuhi, wanarudi na chavua miguuni. Wale wa lori walijikunja ndani mpaka saa tano, saa sita, na kuna siku hawakutoka kabisa. Kabla ya Agosti kwisha makundi mengi kati ya hayo yalikuwa yamehama, maana nyuki wa nyika akibanwa na njaa hufanya anachokijua: huondoka. Mengine tuliyafungua tukakuta rundo sakafuni mwa mzinga na majana yamekufa ndani ya vijumba. Yaliyobaki yalitoa madume, na madume yakapanda malkia wetu. Mizinga yangu miwili ya zamani, ya baba yangu, sasa ina vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wenye mistari ya manjano, na ni wakali kiasi kwamba siwezi tena kufunga mbuzi mahali nilipokuwa nikimfunga miaka yote.

Sisemi nyuki wa nyika ni wabaya. Kwao ni hodari, na mfugaji wa kule chini akimsifu nitaitikia. Ninachosema ni kwamba kwake si kwetu. Hizi hapa hoja zetu.

1. Nyuki wa mlimani ni wa mlimani mpaka ndani ya kromosomu zake.

Wazee walilijua hili kwa macho: mweusi zaidi, mkubwa kidogo, mpole, havunjiki moyo kwa mawingu. Vitabu vilifuata. Mwaka 1961 F. G. Smith, aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, alimweleza kitaalamu nyuki huyu wa milima mirefu ya Afrika Mashariki, akapewa jina Apis mellifera monticola. Wa nyika anaitwa scutellata. Wataalamu wakabishana kwa miaka mingi kama kweli hawa ni wawili, kwa sababu ukishuka mlima hatua kwa hatua huoni mpaka. Weusi unafifia polepole mpaka unajikuta miongoni mwa manjano.

Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliowachukua nyuki 39 kutoka Mlima Kenya na Mlima Elgon, wa juu msituni na wa chini nyikani, ukasoma DNA yao yote. Karibu kila mahali, nyuki wa juu na wa chini walikuwa sawa, kama koo mbili zinazooana kila mwaka. Tofauti ilijikusanya mahali pawili tu: kipande kimoja katika kromosomu ya 7 na kingine katika kromosomu ya 9. Hapo karibu kila nyuki wa juu alikuwa na namna yake, na karibu kila nyuki wa chini na namna nyingine. Tena nyuki wa juu wa Mlima Kenya walifanana hapo na nyuki wa juu wa Elgon, ingawa kati ya milima hiyo kuna zaidi ya kilomita 300 na Bonde la Ufa zima. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2019, ulitoa ushahidi mzito kwamba vipande hivyo vimegeuka.

Neno hilo, kugeuka, ndilo ninaloomba mlielewe, kwa hiyo nitalieleza jinsi nilivyolieleza kwa wanachama wetu. Chukueni uzi wa shanga. Kromosomu ni uzi, jeni ni shanga. Nyuki jike ana nyuzi 32, yaani jozi 16, nusu za mama na nusu za baba. Siku moja, zamani sana, uzi ulikatika mahali pawili. Kile kipande cha katikati kikazunguka, mwisho wake ukawa mwanzo, kisha kikaungwa pale pale. Shanga hazikupungua wala hazikuongezeka; mpangilio tu ndio uliopinduka. Mtu atauliza, basi kimebadilika nini? Malkia anapotengeneza mayai, uzi wa mama na uzi wa baba hulala sambamba na kubadilishana vipande, ndiyo sababu watoto wa malkia mmoja hawafanani. Lakini kipande kilichopinduka hakiwezi kulala sambamba na kisichopinduka. Kubadilishana kunakwama. Kwa hiyo shanga zote zilizo ndani ya kipande kile husafiri pamoja, kwa mama, kwa mtoto, kwa mjukuu, kama kifurushi kilichofungwa kamba.

Kwa nyuki jambo hili ni zito kuliko kwa wanyama wengine, kwa sababu nyuki wa asali huchanganya jeni zake kwa kasi inayowashinda karibu wanyama wote waliowahi kupimwa. Juu ya hayo, malkia hupandwa angani na madume kumi na zaidi. Kwa mchanganyiko wa namna hiyo, jeni kadhaa zinazofaa baridi na ukungu zingekuwa zimetawanyika zamani, kila moja njia yake, kwa kila dume la nyika lililopanda na upepo. Kifurushi ndicho kilichoziokoa. Kimewaruhusu nyuki wa mlima kuoana na jirani zao wa chini vizazi na vizazi, wakashirikiana karibu kila kitu, wasipoteze kile kinachowaweka hai huku juu. Ndani ya kile kipande cha kromosomu ya 7 zimo jeni za vipokezi vya oktopamini, kemikali ya ubongo wa mdudu inayohusika na kujifunza na kutafuta chakula. Niliposoma hayo nilikumbuka saa tatu asubuhi, nyuki weusi wakitoka na wale wengine wamejikunja.

2. Hii si ajabu ya nyuki peke yake.

Ninaitaja kwa kifupi ili mtu asiseme tumeokota kitu kimoja na kukikuza. Wenzenu wa afya wanamjua mbu wa malaria, Anopheles gambiae. Yeye naye ana kipande kilichogeuka katika mkono wa kushoto wa kromosomu ya 2, na mbu wenye mgeuko huo huzidi kuwa wengi kadiri nchi inavyokuwa kavu, kwa kuwa wanavumilia joto na ukavu kuliko wasio nao. Kule Oregon, Marekani, kuna panya wa porini wa jamii ya Peromyscus: wa msituni ana mkia mrefu wa kumsaidia kukwea na manyoya ya kahawia iliyoiva, wa mbugani ana mkia mfupi na rangi hafifu. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkia na rangi hiyo vimeshikwa pamoja na mgeuko mmoja mkubwa unaochukua karibu nusu ya kromosomu ya 15. Panya wa msitu na wa mbuga hukutana na kuzaana, na bado kila mmoja anabaki na vazi la kwao. Njia ni ile ile: mahali pana masharti yake, na mgeuko unashikilia pamoja kila kinachotimiza masharti hayo.

3. Kifurushi hakifunguki, lakini kinaweza kutupwa kizima.

Hapa ndipo hofu yetu ilipo. Mgeuko hulinda jeni zisitawanywe, ila haulindi chochote dhidi ya wingi. Msitu wa Mlima Kenya ni kama kisiwa, umezungukwa na mashamba pande zote. Eneo linalomfaa nyuki wa juu ni mkanda tu. Mkileta ukingoni mwa mkanda huo mamia ya makundi ya nyika kwa msimu mmoja, angani kutajaa madume yao.

Na dume, Waheshimiwa, hana baba. Huzaliwa kutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana nyuzi 16 tu, moja moja, bila jozi. Hana nusu kwa nusu. Dume la nyika likimpanda malkia wetu, kila mbegu anayompa imebeba kifurushi cha nyika. Madume yakiwa nusu yao wa lori, nusu ya mabinti wa malkia yule watakuwa nacho. Kizazi cha pili, cha tatu, hesabu inaendelea kushuka dhidi yetu maadamu malori yanaendelea kupanda. Vipande hivi viwili ni vya kale sana, haviwezi kuundwa tena na mradi wa miaka mitano. Vikishapotea katika mlima huu, vimepotea.

Kama mnadhani ninatia chumvi, tazameni Afrika Kusini. Mwaka 1990 wafugaji walihamisha makundi ya nyuki wa Rasi, Apis mellifera capensis, kutoka kusini kuwapeleka kaskazini, katika nchi ya scutellata. Nchi moja, nyuki wa spishi moja, mwendo wa lori tu. Kibarua wa nyuki wa Rasi ana uwezo wa kutaga mayai yanayoangua majike bila kupandwa. Uzao wa kibarua mmoja ukaingia katika mizinga ya wenyeji, ukajitagia humo, ukaacha kufanya kazi, na makundi yakafa kwa wingi usiosahaulika. Ikabidi serikali iweke mstari ambao nyuki hawaruhusiwi kuvushwa, na wafugaji wa kule wanapambana na uzao huo mpaka leo. Na Brazili? Mwaka 1956 walipelekwa nyuki wa Afrika kwa nia njema kabisa ya kuongeza asali. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka, na kufikia 1990 wazao wao walikuwa wameshaingia Texas. Aliyewapeleka hakuwa mtu mbaya. Alihamisha nyuki tu.

4. Nyuki akisafirishwa husafiri na wadudu wake.

Varoa, mdudu mdogo kama kupe anayemnyonya nyuki, aliripotiwa kwa mara ya kwanza Kenya na Tanzania mwaka 2009. Nyuki wetu wamemstahimili bila dawa, jambo ambalo Ulaya na Marekani wanalitamani. Kukusanya makundi kutoka sehemu mbalimbali, kuyafungia kwenye lori moja na kuyatawanya vijijini bila mtu kuyakagua ni kuuweka ustahimilivu huo rehani. Tuliuliza kama kulikuwa na ukaguzi kabla ya safari. Hatukujibiwa.

5. Hatukushirikishwa, na Katiba inasema tushirikishwe.

Ibara ya 69 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali ilinde rasilimali za kijenetiki na uanuwai wa viumbe, ilinde maarifa asilia ya jamii kuhusu rasilimali hizo, na ihimize wananchi kushiriki katika kuyatunza mazingira. Vipande viwili vya kromosomu ninavyovizungumzia ni rasilimali ya kijenetiki kwa maana iliyo wazi kuliko zote. Wazee wetu, ambao wanamtambua nyuki wa juu kwa mlio tu akipita, ndio maarifa asilia yenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Mlima wenyewe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997, na sidhani mtu angekubali lori lilete swala wa nyika na kuwafungulia ndani ya msitu ule. Nyuki ni mdogo, ndiyo maana amepitishwa.

Najua majibu mtakayotupa, kwa sababu mengine tumeshayasikia.

Mtasema nyuki ni nyuki. Hilo nimelijibu, na waliolijibu vizuri kuliko mimi ni wale nyuki 39.

Mtasema nyuki huruka wenyewe juu na chini tangu enzi, kwa hiyo lori halikuongeza kitu. Ni kweli wanaruka, na utafiti wenyewe unathibitisha kwamba damu zao zimechanganyika. Lakini dume mmoja mmoja anayepanda na upepo hukutana na mlima uliojaa madume wa kwao, na uzao wake hupimwa na baridi ya kila mwaka, kidogo kidogo, bila mtu kuhisi. Mamia ya makundi kwa wakati mmoja ni jambo jingine. Huenda baridi itawachuja hata hao. Tumeona ikianza Julai ile ile. Ila tuelewane kuchuja maana yake nini. Ni mzinga mtupu wa mama mjane aliyekuwa akilipa karo kwa asali. Gharama ya mchujo huo hailipwi na aliyetia saini zabuni.

Mtasema nyuki wa nyika wana asali nyingi. Wanayo, nyikani, wakati migunga inapochanua na anga ni jeupe. Huku kwetu mbochi uko kwenye mukinduri, kwenye muringa na kwenye miti ya msituni inayochanua mawinguni, na anayeufikia ni yule anayekubali kutoka kungali na baridi. Asali ya nyuki aliyehama ni sifuri.

Kuna jibu moja zito zaidi, na aliyelitoa nilimheshimu kwa kufikiria. Alisema dunia inapata joto, barafu ya Mlima Kenya inakwisha, kwa hiyo nyuki wa chini ndiye nyuki wa kesho na tunapaswa kumzoea. Nimelitafakari sana. Barafu inakwisha kweli, tunaona kwa macho yetu. Lakini nyuki wa nyika hahitaji nauli. Joto likipanda, yeye atapanda nalo, hatua kwa hatua, kama alivyofanya kila mara hali ya hewa ilipobadilika. Ambaye hana pa kurudi ni yule wa juu. Juu ya msitu kuna mianzi, juu ya mianzi kuna nyasi na mawe. Na miaka ya baridi kali bado inakuja katikati ya miaka ya joto. Anayejali kesho atataka namna zote mbili za vipande hivi ziwe hai, ili mlima uwe na cha kuchagua. Kuifuta moja leo kwa sababu tunakisia kesho ni kucheza na kitu tusichoweza kukirudisha.

Mwisho mtasema hakuna fedha ya kupima jeni za nyuki. Hatuombi DNA nzima isomwe. Sasa mahali penye tofauti panajulikana, ni pawili tu, na kuangalia pawili ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na ile iliyofanyika mwaka 2017. Nairobi kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, chenye maabara ya afya ya nyuki inayohudumia Afrika nzima. Mlango wake uko karibu kuliko wa zabuni nyingi mnazotangaza.

Kwa heshima zote, tunaomba haya:

1. Kuletwa kwa makundi ya nyuki kutoka nyikani hadi ukingoni mwa msitu kusitishwe mara moja, na agizo hilo litolewe kwa maandishi. Mizinga mitupu iendelee kuja. Tunajua kuikaribishia nyuki: nta kidogo, kivuli, na subira.

2. Tupewe orodha ya makundi yote yaliyoletwa, yalitoka wapi, yaliwekwa wapi, na kama yalikaguliwa. Tunaiomba chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotoa siku 21 za kujibu.

3. Makundi ya nyika ambayo bado yapo hai ukingoni yarudishwe chini kabla ya msimu ujao wa malkia kuruka, kwa gharama ya mradi na si ya wafugaji. Waliopoteza makundi yao ya asili wafidiwe. Kiasi tutakaa tukizungumze, hatuna tamaa.

4. Nyuki wa ukanda wa juu wapimwe vile vipande viwili, katika Mlima Kenya kwanza, ili tujue hali ikoje baada ya malori. Sisi tutatoa sampuli bure na tutawaongoza wapimaji mpaka kwenye mizinga ya mbali.

5. Uwekwe mstari wa mwinuko ambao makundi ya nyuki hayavushwi bila kibali na ukaguzi. Mstari huo uchorwe pamoja na wazee wanaojua nyuki weusi wanaanzia wapi. Tunapendekeza mashauri hayo yafanyike hapa kijijini na kwa lugha ya hapa, na mgeni rasmi atakayekuja awe na muda wa kukaa na kusikiliza.

Tumetumia neno ombi, na tunamaanisha ombi. Lakini kama siku 21 zitapita bila jibu, tutawasilisha malalamiko rasmi kama Ibara ya 37 inavyoturuhusu, na nakala za barua zote mbili zitaambatanishwa.

Mizinga yenu iliyobaki mitupu tuliisafisha, tukaipaka nta na kuitundika upya ndani kidogo ya kivuli cha msitu. Tangu mvua za Oktoba, mitatu imeingiwa na makundi yenyewe, weusi watupu, hatukuwaita wala kuwasafirisha. Tunawakaribisha mje mwaone. Fikeni asubuhi na mapema, vaeni sweta, na msiogope ukungu. Mzinga wa kwanza uko hatua chache kutoka barabarani, na saa tatu watakuwa wameshatoka.

Ni mimi wenu mwaminifu,

Mfugaji nyuki wa ukingo wa msitu, mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya,
kwa niaba ya kikundi cha wafugaji wenzangu.